Ng'ombe Aliyejulikana kwa Kiingereza

Swali lenyewe kitabuni lilikuwa jepesi: "What do you spend your money on?" Unatumia pesa zako kwa mambo gani? Chini yake palichorwa bwana mmoja mwenye tai, amesimama mbele ya duka lenye vioo, anatabasamu huku akionyesha saa yake mpya. Niliandika swali ubaoni kwa herufi kubwa, nikageuka, nikakuta wanafunzi wangu wote, watu wazima wenye watoto na wengine wenye wajukuu, wameinamisha vichwa kama watu walio kwenye sala.

Darasa hilo lilikuwa katika sale, ukumbi wa kanisa, Kavimvira mjini Uvira, karibu na mpaka wa Burundi. Asubuhi nilifundisha Kiingereza shule ya sekondari, na alasiri nilishuka kwa miguu hadi pale kufundisha watu waliotoka kazini. Ilikuwa sale ndefu ya mabati, yenye madirisha yasiyo na vioo upande wa ziwa. Ngoma za kwaya zilirundikwa pembeni, na upepo wa ziwa ulipovuma, ngozi zake zilitoa mlio mdogo kama mtu anayekohoa kwa adabu. Harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa mchangani iliingia ikakaa nasi kama mwanafunzi asiyeandikishwa. Nimefundisha mahali pengi tangu wakati ule, tena penye viti vizuri zaidi. Lakini mtu akitamka neno "darasa", moyo wangu hukimbilia pale kwanza.

Aliyenijibu siku ile alikuwa cambiste mmoja, mbadilisha pesa, ambaye mchana kutwa alikaa chini ya mwavuli karibu na forodha akibadilisha faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola.

"Madame," alisema kwa Kiswahili, "huku kwetu muntu haulizwake hivi. Ukiniuliza minye, nitazani unataka kunikopa, ao unataka kuniiba."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Alisema kweli. Mtu yule alishika pesa za watu hadharani kuanzia asubuhi, akiinua kila dola juani atazame kama imechanika, lakini zake mwenyewe, hata mke wake hakujua zinalala wapi. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaweza kukusimulia ugonjwa wake, ugomvi wake na shemeji yake, hata ndoto zake. Pesa, hapana.

"Basi tusisemee kwetu," nikawaambia. "Tusemee kwa Kiingereza. Huko anayesema si wewe, ni mwanafunzi tu."

Wakajaribu. Nikapita kati ya mabenchi nikisikiliza, na karibu kila mmoja alikuwa ameunda sentensi ileile: "My money is finished." Pesa yangu imeisha. Wengine walisema "I eat my money," kwa sababu kwetu kula makuta ndiyo kuyatumia. Nilisimama katikati ya sale, na kwa mara ya kwanza nikasikia vizuri jinsi sisi tunavyoongea. Pesa imeisha. Makuta yametoka. Falanga zimekwenda. Utafikiri zina miguu, zinaamka asubuhi, zinavaa viatu na kuondoka bila kuaga.

Nikaandika ubaoni maneno matatu: "spend, save, waste." La kwanza ni kutumia, nikaeleza, la pili ni kuweka akiba, na la tatu ni kupoteza ovyo. Mbele ya kila neno nikaweka "I", mimi.

"Kwa Kiingereza," nikasema, "pesa haiondoki yenyewe. Lazima kuwe na mtu aliyeiondoa, na mtu huyo anatangulia mwanzoni mwa sentensi."

Cambiste akavuta pumzi. "Ile luga," alisema, "iko sawa na juge wa tribunal." Hakimu wa mahakama.

Kwenye benchi la mbele kabisa walikaa mume na mke. Walikuja pamoja kila mara, wakatumia kitabu kimoja, mke akifunua kurasa na mume akishika kalamu. Wenyewe waliitana Papa na Mama, na sisi wote tukawaita hivyo hivyo. Papa alikuwa seremala, mtu mrefu mwenye maneno machache, mzaliwa wa Rurambo, kule juu milimani penye ng'ombe na ukungu. Alishuka ziwani akiwa kijana, wakati watu wengi wa kwao walipokimbia vita. Mama alizaliwa Uvira, karibu na maji, na maisha yake yote aliuza ndagala.

Siku waliyokuja kujiandikisha nilimuuliza Mama kwa nini anataka Kiingereza. Akaniambia kwamba binti yao wa mwisho alikuwa ameondoka na mumewe kwenda nchi ya mbali, na watoto waliozaliwa huko walijua lugha moja tu.

"Mujukuu wangu ananipigia simu," alisema. "Anasema maneno mingi, minye nasema tu yes, yes. Siku moja aliniuliza kitu, nikasema yes, akaanza kulia. Mpaka leo sijue nilimukubalia nini."

Alicheka aliposema hivyo, lakini Papa hakucheka. Alikuwa akitazama kalamu yake.

Basi siku ile ya somo la pesa, niliwaambia waulizane wawili wawili. Nilifikiria kuwatenganisha wenye ndoa, kisha nikawaacha, maana ilikuwa vigumu kumwazia Papa akiongea na mtu mwingine. Nilisimama karibu nao kwa sababu walikuwa mbele.

"What do you spend your money on?" Mama aliuliza, akifuata ubao kwa kidole.

"I spend my money on wood," Papa akajibu. Mbao. Alifikiri kidogo. "On nails." Misumari.

"And?"

Neno hilo nililifundisha mimi. Niliwaambia wasimwachie mwenzao akome kwenye jibu la kwanza, wamsukume mbele kidogo kwa "and".

"On food. On church."

"And?"

Papa akatazama ubao. Nadhani alikuwa amenogewa na sentensi zake. Zilimtoka moja baada ya nyingine, zimenyooka kama mbao zilizopigwa randa, na yeye hakuzoea maneno kumtii hivyo.

"On salt," alisema.

"Salt?" Mama akashangaa. Chumvi ya nyumbani alinunua yeye.

"Salt for the cow."

Mama alidhani amekosea kusikia. Akanigeukia. "Madame, cow si ngombe?"

"Ni ng'ombe," nikasema.

Akamgeukia mumewe tena, akahangaika na Kiingereza kwa sababu sheria ya darasa ilikuwa hiyo. "Cow of who?"

"We have a cow," Papa akasema. Tuna ng'ombe.

Sentensi ilikuwa safi, haina kosa hata moja, na mimi kwa mazoea ya kazi nikamwambia, "Very good."

"We?" Mama alisema. Sauti yake ilipanda mpaka benchi la nyuma. "We have a cow?"

Mama hakusema neno lingine mpaka mwisho wa somo. Alifunga kitabu, akakaza kitenge chake kiunoni, akakaa akitazama ziwa dirishani. Tulipomaliza alitoka mbele, mume akamfuata nyuma kwa mbali, na watu wa darasa wakasimama mlangoni kuwaangalia wakipita kando ya barabara kama msafara wa watu wasiojuana.

Somo lililofuata hawakuja. La baada yake pia hawakuja. Benchi la mbele lilibaki wazi na hakuna aliyethubutu kulikalia. Jumapili, baada ya ibada, nikaenda kwao.

Walikaa upande wa chini wa barabara. Miaka hiyo ziwa lilikuwa limepanda, na nyumba zilizokuwa mbali na maji sasa zilisikia mawimbi ukutani. Nilimkuta Mama akigeuza ndagala juu ya wavu. Aliponiona akacheka, na moyo wangu ukatulia kidogo.

"Madame, umekuja kuona ngombe?" aliniuliza.

Nikamwambia nimekuja kuwaona wao. Akanipa kigoda, akaendelea kugeuza samaki wake.

"Haiko ngombe njo inaniumiza," alisema baada ya muda. "Ngombe ni kitu kizuri. Iko chumvi! Kila wakati namwambia, Papa, chumvi imeisha, toa kitu kidogo. Ananiambia, ngojea, makuta imeisha. Minye najua imeisha, naenda kununua na pesa yangu ya ndagala. Kumbe chumvi iko inapanda mulima!"

Akacheka tena, safari hii mpaka machozi, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Yalipokwisha kufutwa yakatoka mengine, na hayo hayakuwa ya kicheko.

"Miaka yote hii," alisema kwa sauti ndogo. "Tunalala nyumba moja."

Papa alitokea nyuma ya nyumba, vumbi la mbao kichwani. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaketi juu ya kipande cha gogo. Nilitaka kuondoka, lakini Mama akanizuia. "Kaa, Madame. Akuambie na weye. Minye amekwisha kuniambia, lakini nataka nisikie tena."

Papa akaeleza taratibu, akisimama kila baada ya maneno machache. Walipokimbia Rurambo, ng'ombe wa baba yake walitawanyika, wengine wakaibwa, wengine wakauzwa. Alibaki mtamba mmoja aliyefichwa na binamu yake bondeni. Ng'ombe wa sasa alikuwa wa uzao wa yule. Kila alipopata kazi nzuri, kitanda au mlango, Papa alinunua chumvi na dawa, akawapa wanawake wanaoshuka kuuza viazi, wakapanda navyo.

"Ngombe ile hainipatie kitu," alisema. "Maziwa wanakunywa bale ba kule. Lakini muntu wa kwetu, hata akikaa ku ziwa mpaka azeeke, inafaa kule juu kuwe kitu kimoja chenye kumungojea."

"Na juu ya nini haukusema?" Mama akauliza. Nadhani alishauliza mara nyingi, lakini bado aliuliza kama mara ya kwanza.

Papa akakung'uta vumbi magotini. "Kwa Kiswahili ningeanza wapi? Ningesema ngombe, ungeniuliza iko wapi, inaleta nini, nani anaichunga, na minye ningeonekana mupumbavu mwenye kulisha ngombe hata haoni. Kwa Kiingereza nilikuwa na maneno kidogo tu. Yakatoka."

Mama alisogea, akamtoa kipande cha maranda kilichonasa kwenye nywele, akakitupa, akarudi kwa samaki wake. Nilikula kwao siku ile, ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga. Chumvi ilikuwa nyingi kupita kiasi, na hakuna aliyelalamika.

Wakarudi darasani. Watu waliwapokea kama waliotoka hospitalini, wakiwapigia makofi, na cambiste akamuuliza Papa kwa Kiingereza habari za afya ya ng'ombe. Lakini Mama alikuja na jambo lake. Kabla sijafungua kitabu aliinua mkono, akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"I save money," alisema. Naweka akiba.

Papa akainua macho.

Mama akageuka kwangu kuomba msaada wa neno: likelemba kwa Kiingereza ni nini? Likelemba ni ule mchango wa wanawake, kila mmoja anatoa kidogo, na zamu ikifika unachukua fungu lote. Nikamwambia aliache hivyo hivyo, Waingereza watajifunza.

"I save money in likelemba," akaendelea, "with the women of fish."

"For what?" Papa aliuliza. Kwa ajili ya nini? Alisahau kuinua mkono.

"For land. In Katogota."

Katogota ni kijiji cha uwanda wa Ruzizi, penye mashamba, mbali na mawimbi. Mama alishika ukingo wa benchi. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, lakini alikipanga nyumbani, na hakutaka kimpotee.

"The water is coming to my house," alisema. "Every year. I am afraid. I want to go."

Papa alitazama ubao. Nilimwona akitafuta maneno, akiyapima, akiyaacha. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "You go alone?"

Peke yako?

Sijasahau uso wa Mama wakati ule. Kwanza alishangaa, kisha akaumia kidogo, kisha kitu kikafunguka.

"No!" alisema. "I go with you." Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kulipangia masharti, akaongeza: "And you bring the cow."

Sale ikalipuka. Watu walipiga mabenchi, cambiste akarukia ngoma ya kwaya akaipiga, na mlinzi wa kanisa akaja mbio kuuliza kama tumeanza ibada bila ruhusa. Papa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

Mambo hayakwenda haraka. Zamu ya Mama ilikawia, mwenye shamba akabadili neno lake, wakatafuta jingine. Lakini walihama, na kiangazi kimoja ambacho njia za mlimani zilikuwa tulivu, Papa alipanda Rurambo na binamu yake, wakamshusha ng'ombe.

Nilienda kuwatembelea Katogota. Nilitarajia kuona mnyama wa kifahari, kutokana na chumvi yote ile. Nikamkuta ng'ombe mzee, wa rangi nyekundu iliyofifia, pembe moja imepinda kuelekea jicho, anatafuna bila haraka kivulini mwa ukuta wa matofali mabichi. Papa alimwonyesha kwangu kama mtu anayemtambulisha mama yake mzazi.

Jioni ile simu ikalia, na uso wa mjukuu ukajaa kwenye kioo. Papa akaigeuza simu kuelekea kwa ng'ombe. Tukasikia ukelele wa furaha kutoka upande wa pili wa dunia.

"Is it yours?" mtoto akauliza. Ni wako?

"It is ours," Papa akajibu. Ni wetu.

"How much is it?"

Papa akanitazama. Bei ya vitu tuliwahi kuifanyia mazoezi darasani wiki nzima, ndizi, sabuni, viatu. Akajinyoosha, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"It is not for sale," alisema. Hauzwi. Na kila neno lilikuwa mahali pake.

Kisha Mama akaichukua simu. Mtoto akamwuliza kitu kwa haraka, maneno yamefungana kama nyuzi. Niliona midomo ya Mama ikianza kuunda lile "yes" la zamani. Akajizuia.

"Please," alisema, "repeat. Slowly."

Mtoto akarudia taratibu. Alikuwa anauliza kama ng'ombe anaogopa giza. Mama akamjibu kwamba haogopi, kwamba Papa analala karibu naye, na waliongea mpaka mega za intaneti kwenye simu zikakatika.

Ng'ombe yule hakuishi sana uwandani. Joto halikumfaa, na alikuwa mzee tayari. Mama aliniambia kwamba Papa aliacha kazi siku nyingi, kisha akaanza tena kutengeneza vitanda. Sale yetu nayo haikudumu. Maji yaliingia msimu mmoja wa mvua, yakarudi msimu uliofuata, mpaka kanisa likahamisha mabenchi na ngoma kupeleka upande wa juu wa barabara. Darasa likatawanyika. Cambiste alivuka mpaka akafungua kazi Bujumbura. Siku hizi nafundisha chumba chenye sakafu ya saruji na vioo madirishani, na wanafunzi wangu ni vijana wanaotuma pesa kwa simu bila kupepesa. Nikiwauliza wanatumia pesa kwa nini, wananijibu mara moja bila aibu, na somo linaisha kabla ya wakati. Sina la kulalamikia. Ila kimya kile cha watu wazima kabla ya kusema jambo la kweli sijakisikia tena.

Juzi nilikutana na Mama sokoni Uvira. Alikuja kuuza muhogo. Tukakumbatiana kati ya magunia, nikamuuliza habari za Papa.

"Iko muzima," alisema. "Lakini masikio imekufa. Ukimuongelesha Kiswahili hasikie kitu. Nikimwambia kwa Kiingereza, anasikia."

"Kweli?"

"Anasema Kiingereza kinafika muzuri." Alivuta gunia lake karibu, akaanza kumchagulia mteja mihogo. "Minye nazani ananidanganya. Lakini namuongelesha tu Kiingereza, kila siku, mpaka kwa mambo ya mboga."